Kurasa Zote Zimo

Chumbani kwangu,
Jumapili asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili mpelekee Mama, maana najua atauliza ya kwake iko wapi kabla hujamaliza kufungua bahasha. Magoti yake yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomletea anaitumia, au ameifungia kabatini akisubiri augue vizuri kwanza? Na wewe kifua chako kimepoa? Nakuomba usome haya ukiwa umekaa, na uvae miwani yako mwenyewe, siyo ya Mama. Mimi mwili hauna neno, nakula na kutembea. Moyo ndio hauna raha, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Nilipiga, mara tatu wiki iliyopita, na kila ulipopokea nilijikuta nauliza habari za mvua. Mpaka ukamwambia Mama kwamba huyu mtoto siku hizi amekuwa mtabiri wa hali ya hewa, nilikusikia. Simu ina kitufe cha kukatia, Baba, na mimi najijua. Barua ukishaitumbukiza posta hairudi. Halafu nina ombi: isome mwenyewe, usimpe mdogo wangu akusomee kwa ile sauti yake ya kutangazia misiba. Ukiimaliza, wewe ndiye utakayeamua nani mwingine aisome. Inahusu kisima namba saba.

Nianzie mbali kidogo. Kazi yangu hujawahi kuielewa sawasawa, na kosa si lako, mimi nilikuwa naisimulia kwa majivuno zaidi kuliko kwa maelezo. Majirani wakikuuliza husema binti yako anapiga picha vitabu vya serikali. Umekaribia. Vitabu vinaletwa chumbani kwetu kwa toroli: majalada ya Gazeti la Serikali yenye sheria, amri na matangazo ya miaka na miaka, na taarifa za utafiti za wizara mbalimbali, za udongo, za madaraja, za magonjwa ya mifugo, za maji. Vingi vinanuka unyevu, vingine wadudu wamekwisha kuvitoboa. Kazi yetu ni kuviingiza kwenye hifadhi ya kompyuta, ili mtu yeyote popote alipo aandike neno moja na kukipata anachokitafuta. Ni kazi nzuri. Hilo sijaacha kuliamini hata leo, pamoja na yote nitakayokuambia.

Ila kuna namna inavyofanyika. Kitabu hakifunuliwi ukurasa kwa ukurasa kama unavyodhani. Tuna mashine yenye jisu refu kama mkono wangu. Unakiweka kitabu, unabonyeza, mgongo wote unakatika, gundi na uzi, na kurasa zinabaki huru. Unazipanga kwenye mdomo wa skana, nayo inazimeza moja moja huku ikikohoa kama mzee mvuta sigara. Baada ya hapo hakuna kitabu tena, kuna rundo. Rundo linafungwa kamba, linakaa miezi sita, kisha linakwenda kiwandani kusagwa, kwa sababu bohari zimejaa na picha zake tunazo.

Kila kitabu kina fomu yake. Kisanduku cha kwanza kinauliza kitabu kina kurasa ngapi. Cha pili kinauliza kompyuta imepata kurasa ngapi. Chini yake pameandikwa: kurasa zote zimo, ndiyo au hapana, na nafasi ya saini. Maana yake ni kwamba kitabu kihesabiwe kwa mkono kabla ya kukatwa. Sasa nani atahesabu kurasa mia sita kwa mkono wakati toroli la pili liko mlangoni na mkuu wa kitengo anapita na orodha yake? Tukawa tunakata, tunaskani, tunaangalia kompyuta imesema ngapi, halafu tunaandika namba hiyohiyo kwenye visanduku vyote viwili. Namba zikalingana kila siku ya Mungu. Kwa mujibu wa fomu zetu, kitengo hakikuwahi kupoteza hata ukurasa mmoja. Tulikuwa tunacheka wenyewe, tukisema tumefaulu mtihani tuliojisahihishia.

Kati yetu wote mimi ndiye niliyekuwa na kasi zaidi. Ile picha uliyoitundika sebuleni juu ya redio, mimi nimeshika cheti na saa ya ukutani na mkuu wa idara ananishika mkono, ni ya kasi hiyo. Uliwaonyesha mpaka wachimba mtaro waliokuja kuomba maji ya kunywa. Kila nikija nyumbani hukaa kwenye kiti kinachoipa mgongo. Mama alidhani nakwepa upepo wa dirishani, akawa ananifungia dirisha.

Sasa kisima. Wewe unayajua haya kuliko mimi, lakini niyaandike ili ujue kwamba nayajua. Kabla sijaanza shule, wewe na wenzako wa idara ya maji mlizunguka na chupa na vigingi, mkapima visima vya wilaya nzima, na kumi na kimoja vikakutwa na floraidi nyingi, madini yasiyo na harufu wala ladha yanayoharibu meno ya watoto na baadaye mifupa ya watu wazima. Wewe ndiye uliyechora ramani kwa mkono, na orodha ya visima pembeni, kila kimoja na namba yake na kipimo chake. Mimi nilikuwa nakaa chini ya meza yako nikikupa rula ukinyoosha mkono, ndipo uliponiita Rula na jina likaganda. Serikali ikatoa amri ya kuvifunga, na amri yenyewe haikutaja kisima hata kimoja. Ilisema tu visima vilivyoorodheshwa kwenye ramani iliyoambatanishwa. Ulikuwa unapenda kusema kwamba mwanasheria aliandika sentensi tatu, kazi nyingine yote ukaifanya wewe. Na kweli, karatasi yako ndiyo iliyokuwa amri.

Miaka mitano iliyopita watu wa mradi wa maji walikuja kufufua pampu za zamani. Walitafuta kwenye hifadhi yetu, wakaipata amri na taarifa ya utafiti iliyojalidiwa pamoja nayo, lakini ramani hawakuiona. Wakaandika kwa idara ya nyaraka kuuliza. Wakajibiwa. Siku ya mkutano pale kiwanja cha shule, wewe uliposimama na kusema kisima namba saba kisiguswe, kwamba kipimo chake ni sita nukta nne na unakikumbuka kama tarehe ya ndoa yako, afisa wa mradi alitoa barua ile na kuisoma mbele ya watu wote. Ilisema kumbukumbu zinaonyesha kwamba chapisho ni kamili, na kwamba hakuna ramani wala orodha iliyowahi kuambatanishwa. Yule kinyozi wa sokoni akauliza kwa sauti kama labda mzee aliichora ndotoni. Watu wakacheka. Maji yalikuwa yamepimwa vijidudu na chumvi, yakaonekana safi, na nani anayepima kitu asichoambiwa kipo? Pampu ikafunguliwa, na tangu siku hiyo wewe ukawa Mzee Namba Saba.

Sikuwepo mkutanoni, lakini nimekuona baada ya hapo. Kila nikija likizo nakuona asubuhi unasukuma baiskeli na madumu mawili, unapita palepale kwenye pampu wanapojaza watu ndoo zao, unaenda mpaka bomba la hospitali, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi, na miaka yako sabini na minane. Wanakusalimia vizuri tu, Shikamoo Mzee Namba Saba, na wewe unaitikia Marahaba kana kwamba ndilo jina ulilopewa na bibi. Nilimwuliza Mama kama unaumia. Alisema unaumia ukiwa umelala, ukigeuka geuka, mchana una kiburi.

Nakala ya barua ile uliiomba, ukaihifadhi kwenye bahasha ya kaki ndani ya droo ya meza yako. Chini ina saini ya mchoro tu, haisomeki, na maneno kwa niaba ya mkuu wa nyaraka. Uliniita barazani, ukanionyesha kwa mbali kidogo kama mtu anayeonyesha kidonda, ukanipa kazi. Ulisema kwa kuwa nafanya kazi jengo hilohilo, nimtafute aliyetia saini ile, nimwulize alisomea wapi na ni nani aliyemfundisha kwamba kitu asichokiona hakikuwahi kuwepo. Nikasema nitafuatilia. Mwaka uliofuata uliuliza, nikasema nafuatilia. Mwaka wa tatu nikasema jengo ni kubwa, watu wanahamishwa hamishwa. Baada ya hapo hukuuliza tena, na ukimya wako ukaniuma zaidi ya maswali.

Likizo iliyopita ndipo mambo yalipobadilika. Mchumba wako, binti wa mdogo wangu, alikuja kunipokea njiani. Ametimiza miaka saba na meno ya mbele ya ukubwani yameota. Nikamtania kama kawaida, kwamba babu ameniambia anataka kumwacha aoe mwingine, akacheka, na akicheka akafunika mdomo kwa kiganja. Zamani hakuwa na tabia hiyo. Nilimbembeleza aniondolee mkono. Meno yana madoa ya kahawia, Baba, kama chai imemwagika juu yake ikakauka. Nikamwuliza kama yanauma. Akasema hayaumi, na kwamba darasani wanaokaa upande wa pampu wote wanayo, wameshayazoea. Alilisema bila uchungu wowote. Mdogo wangu, unamjua, hakutaka watoto wake wachekwe kwa kubeba maji ya hospitali kama babu yao, akawa anateka pampuni kama watu wengine.

Nilijifanya kwenda dukani. Nilisuuza chupa ya soda, nikaijaza pale pampuni huku kinyozi akinitania kwamba binti wa Namba Saba hatimaye ameonja. Nikaipeleka maabara ya maji huku mjini, kwa dada mmoja niliyesoma naye. Baada ya wiki mbili alinipa karatasi. Sita nukta mbili. Umri wote huu, na umekosea kwa nukta mbili tu, kama kweli ni wewe uliyekosea na si ardhi iliyobadilika. Aliniambia hiyo ni mara nne ya kinachoruhusiwa, na kwamba yeye mwenyewe atapeleka taarifa ili pampu ifungwe.

Nisikufiche, siku ile nilirudi kazini nikiwa mwepesi. Nilijiambia basi, kisima kitafungwa, watoto wataepushwa na madhara zaidi, na hakuna atakayehitaji kujua lolote. Nilinunua hata maandazi nikawagawia wenzangu, wakauliza tunasherehekea nini nikasema tu nina furaha. Furaha yenyewe ilidumu siku nne. Siku ya tano mkuu wa kitengo aliniwekea barua mezani. Watu wa mradi wanataka kufungua visima vingine vitatu wilayani kwetu, namba mbili, tano na tisa. Walikuwa wanaomba idara ithibitishe tena kwamba amri ya zamani haikuwa na orodha. Mkuu alikuwa ana haraka, yuko njiani kwenda kikaoni. Alisema niandike kama ile ya mwanzo, nitie saini, ipelekwe kabla ya saa sita.

Kama ile ya mwanzo. Baba, uliniagiza nimtafute aliyetia saini barua ile. Sikuwahi kumtafuta kwa sababu nilikuwa nalala naye na kuamka naye. Ni mimi.

Ningependa kukuambia niliandika kwa kutojua. Ningeweza hata kukuambia kwamba sikuona ni kisima cha wapi, na wewe kwa wema wako ungekubali. Nilijua. Jina la wilaya lilikuwa kwenye mstari wa kwanza, na maneno ya amri nilikuwa nayakumbuka kwa kusikia wewe ukiyasema. Nilifungua fomu ya kitabu kile nikakuta visanduku viwili vyenye namba moja, mia mbili na kumi na nne na mia mbili na kumi na nne, na saini yangu chini. Nilijua namba ile haina thamani kuliko wino wake. Lakini kusema ramani imepotea kungezua swali la imepoteaje, na imepotelea mikononi mwa nani, na vitabu vingine je. Nilikuwa na cheti na saa ya ukutani. Nikaandika kwamba chapisho ni kamili. Nilijidanganya kwamba miaka imepita, maji ya chini ya ardhi huenda yamejisafisha, na kwamba wataalamu watapima wenyewe. Barua ilinichukua dakika kumi, pamoja na kuisahihisha.

Na hilo si la mwisho. Ningetamani liwe la mwisho, maana hapa ndipo mkono unapokataa kuandika.

Karatasi kubwa za kukunjua haziingii kwenye mdomo wa skana. Inatakiwa uzitoe, uzipeleke ghorofa ya tatu kwenye mashine ya ramani, ujaze fomu yenye saini tatu, usubiri zamu. Mimi nilikuwa nazichomoa na kuziweka kwenye boksi chini ya meza, nimeliandika kwa kalamu nene: ZA BAADAYE. Wote tulikuwa na boksi kama hilo. Miaka tisa iliyopita kitabu chenye amri ile kilifika mezani kwangu. Nilikikata kama vingine, na nilipokuwa nanyoosha kurasa ikafunguka karatasi moja ya kukunjua mara sita. Kabla sijasoma neno nilijua ni ya nani. Saba zako, Baba. Zile saba zenye mkato katikati na mkia uliopinda kama ndoano, ambazo mwalimu wangu wa darasa la pili alinichapa kwa kuziiga. Na kwenye kona, kwa herufi ndogo, nilikuta sahihi yako na ya msaidizi wako. Nilitandaza mkono wangu juu yake, nikaivuta harufu yake kama mpumbavu. Nikajisemea hii nitaipeleka juu mwenyewe leo hii, nitatengeneza na nakala nyingine nimpelekee Baba sikukuu, atalia.

Toroli la pili likaingia. Nikaikunja mara sita, nikaiweka kwenye boksi la za baadaye.

Miezi mitatu baadaye wakaja wakaguzi, kuangalia vitengo kabla ya kutoa vile vyeti. Mkuu alitaka chumba kiwe kisafi, hakuna maboksi sakafuni. Kila mtu akahangaika na la kwake. La kwangu lilikuwa limejaa mpaka limepasuka pembeni, karatasi mia moja na zaidi. Nilikumbuka kwamba yako imo, kwa chini chini. Nilikumbuka kabisa, nilisimama pale nikiwaza nitoe zote niitafute. Ingenichukua robo saa. Wakaguzi walikuwa kwenye ngazi, viatu vyao vinasikika. Nikalisukuma boksi kwa mguu, Baba, kwa mguu, mpaka kwenye marundo ya kwenda kusagwa, na nikatia saini karatasi ya kuyatoa. Picha iliyo juu ya redio yako ilipigwa siku nane baadaye.

Nimeitafuta, usidhani sikuitafuta. Tangu likizo nimekwenda kiwandani, wakanionyesha shimo la uji wa karatasi na kuniuliza kama niko timamu. Nimekwenda maktaba mbili zenye Gazeti la miaka ile, amri ipo, ramani imechanwa katika moja na haikuwahi kufika katika nyingine. Nimekwenda idara yako ya zamani. Walikuwa na nakala nne, wakazitupa walipohama ofisi. Kijana wa mapokezi alinieleza sababu kwa upole kabisa: waliambiwa nyaraka zote za zamani zimeshahifadhiwa salama kwetu.

Basi barua ya mradi sikuiandika. Niliandika nyingine, kurasa tatu, nikaeleza fomu, visanduku, boksi, barua ya miaka mitano iliyopita, yote, nikampelekea mkuu wa kitengo. Alisoma akiwa amesimama, halafu akakaa. Aliniuliza ni nani aliyenilazimisha. Alisema ningeweza kusema tu kwamba kumetokea hitilafu, hitilafu haina mama wala baba. Ni mtu mzuri, anaogopa, maana namba zake nazo zilikuwa zinalingana. Nikamwambia hitilafu hii baba yake anasukuma madumu kwenye baiskeli. Barua ikapanda juu. Alhamisi nilisimamishwa kazi hadi uchunguzi uishe, na sidhani kama nitarudi. Fomu za kitengo chote zitapitiwa upya, na wenzangu niliowagawia maandazi hawanisalimii. Visima vitatu vimesitishwa. Jumatano ijayo mafundi wa idara ya maji watakuja kufunga pampu ya namba saba, na watasoma matokeo ya maabara hadharani palepale kiwanja cha shule. Nenda, Baba, vaa koti lako. Kinyozi atakuwepo.

Meno ya mchumba wako hayatarudi kuwa meupe. Nimeuliza kwa madaktari wawili, wote wamesema hivyo. Nitamwambia mwenyewe kwamba aliyeyaharibu ni shangazi yake.

Kabla sijakabidhi ufunguo nilifanya jambo moja, kwa ruhusa. Kwenye hifadhi, mwisho wa amri ile, mahali ilipotakiwa kuwa ramani, nimeweka ukurasa. Unasema hapa palikuwa na ramani na orodha ya visima kumi na kimoja, iliyochorwa na wewe, jina lako lote, na kwamba ilipotezwa na mimi, jina langu lote, na barua iliyokana kuwepo kwake ilikuwa ya uongo. Mtu akiandika jina la wilaya yetu, sasa huo ndio ukurasa wa kwanza unaotokea.

Kanuni zinaruhusu ukurasa uliopotea urudishwe na aliyeutengeneza, akiuchora upya na kula kiapo mbele ya shahidi. Wewe peke yako umebaki, msaidizi wako alishatangulia. Najua mkono unatetemeka siku hizi. Mistari ikipinda ipinde, visima vinakaa pale pale. Sina haki ya kukuomba chochote, na ukikataa sitauliza mara ya pili. Ukikubali, nitakaa chini ya meza kama zamani, nikupe rula.

Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Msinipikie cha maana, wala msije kunipokea, nitatembea kwa miguu kutoka stendi. Mpe Mama pole, mwambie lile dirisha asilifunge tena kwa ajili yangu. Mdogo wangu na mkewe nawasalimu, na majirani wote wanaoniulizia. Mchumba wako mbusu kwenye paji la uso. Picha ile iondoe ukutani kabla sijafika, nakuomba, nisije nikakaa nikiipa mgongo tena.

Barua zote nilizowahi kukuandikia nimemalizia kwa lile jina ulilonipa. Hii nimetia pia saini yangu ya kazini. Fungua droo, toa bahasha ya kaki, uzilinganishe. Na lile swali lako, la alisomea wapi na nani aliyemfundisha, Jumamosi utamwuliza mwenyewe uso kwa uso.

Mwanao aliyekukosea,

Rula